Pampu Kavu

Jana, kwenye gereji moja hapa Kahama, fundi alinikabidhi kifaa kibovu alichokitoa kwenye gari langu. Mafundi wetu hufanya hivyo ili mwenye gari aone hela yake imekwenda wapi. Kilinuka maji ya rejeta, harufu tamu iliyoungua, nami nikaingiza kidole ndani kabla ya kusema asante.

Niliwahi kufanya hivyo nikiwa msichana mdogo. Gari dogo kuukuu la baba lilichemsha kila safari ya Isaka, likidondosha maji njia nzima. Mama akauza mpunga wake wote ili pampu ya maji inunuliwe. Nikaenda na baba gereji. Mwishoni fundi alitukabidhi pampu ya zamani.

"Baba, hii kavu," nilisema. "Ndani ina utando wa buibui."

Fundi akaniinamia. "Shikamoo, hakimu!"

Wakacheka wote wawili, kisha wakasogea pembeni. Nilimwona fundi akimrudishia baba noti kadhaa, naye akazikunja mfukoni.

Njiani kishale cha joto kilipanda kama kawaida. Baba alisimamisha gari, akashuka na dumu la maji. Nilidhani anaongeza kwenye rejeta. Kumbe aliimwagia pampu ile, akaisugua ndani kwa kidole, kisha akaniwekea mapajani ikichuruzika.

"Mpe mama yako," alisema. "Mwambie umeiona ikitolewa."