Kiungio Juu ya Bati

Niliwahi kuamini kwa moyo wangu wote kwamba umeme unauogopa mgomba. Habari hiyo niliipata sokoni Mpuguso: radi inapasua miparachichi, inaua ng'ombe, inaingia hata kanisani, lakini nani amewahi kuona mgomba umepigwa? Mimi kidato cha nne nilikimalizia kwenye masomo ya jioni, na siku ya mada ya umeme, umeme ulikatika. Sikuwa na la kubisha.

Basi nilipovuta waya kutoka nyumbani hadi kibanda cha majembe na ndama kule bustanini, haukufika. Nikaunga kipande kingine. Kiungio kikaangukia juu ya paa la bati la kibanda, na mvua ya Tukuyu hupiga mabati miezi kumi na mitatu kwa mwaka. Nikakifunga kwa magome makavu ya mgomba, yale ambayo mama zetu hufungia mbegu za maharage, tabaka juu ya tabaka, mpaka kikawa kinene kama paja la mchungaji.

Jioni moja ikashuka mvua ya mawe. Ilichana migomba, ikaua vifaranga, ikanigonga kisogoni nikaona nyota kabla jua halijazama. Ndama akaanza kulia. Mke wangu akakimbilia kibandani, akashika mlango wa bati. Hakuuachia.

Mwili wake ulitetemeka kama mashine ya kusaga, macho yamegeuka meupe, sauti haitoki. Nikimshika, tunakufa wote. Nikachomoa mchi mkavu barazani, nikampiga mkononi. Hakuachia. Nikampiga tena kwa nguvu za watu saba. Mfupa ukalia, akaanguka matopeni.

Jirani yangu, fundi umeme wa kiwanda cha chai, mwenye viganja kama makoleo, kutoka kwake aliona jambo moja tu: mwanaume anamtwanga mkewe kwa mchi. Akaruka ua. Ngumi yake ya kwanza ilinihamisha kata, nikahisi nimetua Lupepo.

"Leo utakipata kinu cha saizi yako, msomi."

"Subiri, jirani, siyo..."

"Nisubiri umalize kuua?"

Akanikaba koo, akanisukuma kinyumenyume kuuelekea mlango uleule. Nikamng'ata mkono. Akanipiga kichwa cha pua. Mgongo wangu ulikuwa umebakiza shibiri moja kugusa bati.

"Shemeji, mwache," mke wangu akasema kutoka matopeni. "Mlango una umeme. Ndiye aliyenitoa."

Akaniachia. Akaingia ndani akazima swichi kuu, akarudi akambeba mke wangu hadi barazani, akamfunga mkono uliovunjika kwa vipande vya mbao na kanga. Alikuwa anapumua vizuri. Tukaita bajaji ya kwenda hospitali.

Tukiisubiri, fundi alipanda kwenye paa, akakikata kile kiungio, akashuka nacho, akakikamua mbele ya macho yangu. Maji yalitoka kama anakamua nguo.

"Nani alikwambia ufunge hivi?"

Nikamweleza habari za radi na mgomba, damu ikinitoka puani. Hakucheka.

"Gome la mgomba linanyonya maji," alisema. "Maji yakifika kwenye waya ulio wazi, umeme unahamia kwenye bati. Kiungio cha nje kinakaa ndani ya boksi la plastiki lenye mpira wa kuzuia maji, ukutani chini ya upenu, na waya unaingilia kwa chini."