Kiti Kwenye Meza ya Mama Godelive

Kasika alijua kumkata kuku bila kukiangalia kisu, na alijua kila kipande kinakwenda kwa nani. Mapaja kwa wageni wanaume. Mgongo kwa mama mkwe, ambaye meno yalimbakia machache lakini hamu ilikuwa palepale. Mabawa na shingo kwa watoto. Kichwa na miguu alijiwekea mwenyewe akisema anavipenda, na kwa kuwa alilisema hilo kwa miaka mingi, hakuna aliyemwuliza tena. Firigisi, kile kifuko kigumu cha tumboni ambacho kuku anacho kimoja tu, ilikuwa ya mwanamume mwenye nyumba. Kwao ndivyo ilivyokuwa, na Kasika hakuwahi kusikia mtu akiijadili.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Kila Jumanne alipanda gari Beni na madumu yake ya mawese, akashuka Butembo, na Alhamisi akarudi na viazi na vitunguu. Mume alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Kwa biashara hiyo alikuwa amelisha watu saba, akasomesha wanne, akaezeka nyumba upya kwa bati. Siku bati la mwisho lilipopigiliwa, alichinja kuku, na firigisi akampa baba mkwe aliyekuwa amekaa kivulini akiwatazama mafundi. Mzee naye alipofariki, firigisi ikahamia kwa Mumbere, kifungua mimba wake.

Butembo alilala kwa Vagheni, mwuza vitunguu, mzaliwa wa Kirumba, mwanamke wa maneno mengi na siri chache. Ndiyo maana Kasika alishangaa kuona kwamba kila Jumatano, ikikaribia saa nane, Vagheni alifunga meza yake ya sokoni, akanawa miguu, akachukua kikapu na kusema anaenda kushona.

Vagheni na kushona! Mwanamke ambaye kifungo kikikatika alikifunga kwa pini.

Kasika alivumilia wiki tatu. Ya nne akamwuliza macho makavu.

"Mama Vagheni, ile nguo munashonaka kila Jumatano, itaisha siku gani?"

Vagheni akacheka, akaangalia mlango, akaacha kucheka. "Mama Mumbere, kama nakuambia, utanyamaza?"

"Nimeshanyamaza."

Ndipo akapata kusikia habari za Mama Godelive. Huyo alikuwa amepika katika nyumba ya mapadri kwa miaka thelathini, na kwa miaka thelathini alikuwa amemtengea firigisi padri mkubwa. Alipostaafu akaweka meza nyumbani kwake, viti vinane, vya wanawake watupu. Nje hakukuwa na kibao wala jina. Kila mwanamke alikuja na kuku wake, Mama Godelive na mpwa wake wakapika, na kila mmoja akaletewa firigisi nzima kwenye bakuli lake. Walikula saa kumi, kwa sababu saa kumi na mbili kila mmoja alitakiwa awe kwake akipikia wengine.

Sheria haikukataza jambo hilo. Lakini mji una midomo. Waume wangecheka, kisha wangeacha kucheka. Wazee wa kanisa wangeitisha kikao, na Wakatoliki na Waprotestanti, ambao hawapatani hata juu ya saa ya kupiga kengele, kwa hili wangepatana.

Kasika alinyamaza kama alivyoahidi, lakini usingizi ulimpaa. Kitu kile hakikuwa kimemsumbua maisha yake yote, na sasa kilimkaa kooni. Alikitaka kiti kile. Alikitaka mpaka akajionea haya, mama mzima, mwimbaji wa kwaya, kutamani kipande cha nyama kisichojaza kiganja.

"Viti vinajaa," Vagheni alimwambia. "Mutu anatoka, njo mwingine anaingia. Na lazima mumoja wetu akulete. Na kuku ikuwe yako, ile umelea weye mwenyewe. Ya kununua hapana."

Ilichukua miezi mitano. Kisha mwanamke mmoja akarudi kwao Kayna kumtunza mama yake mgonjwa, na Vagheni akampigia Kasika simu kumwambia neno moja tu: njoo.

Jumanne hiyo Kasika alimfunga miguu tetea wake mwekundu, akamtia kikapuni. Mumbere alimbebea kikapu mpaka penye magari.

"Mama, hii kuku inaenda wapi?"

"Ku bantu ba kushona."

"Unajua kushona?"

"Najifunza."

Kijana akacheka, akamwekea kikapu miguuni pake vizuri ili tetea asikanyagwe. Alikuwa na miaka ishirini na minne na moyo mwema, na wema wake ndio uliomwuma Kasika njia nzima. Angekuwa mtoto mkorofi ingekuwa rahisi.

Kesho yake, Jumatano, Mama Godelive alifungua lango mwenyewe. Alikuwa mfupi, mnene, na shuka kiunoni. Alimpapasa tetea kifuani, akaridhika, kisha akamtazama mwenye tetea.

"Nyumbani kwako, firigisi ya mwisho nani alikulaka?"

"Mutoto wangu, mukubwa."

"Na mbele yake?"

"Baba mukwe."

"Na mbele ya baba mukwe?"

"Bwana yangu."

"Na mbele ya bwana?"

Kasika alifikiri. "Baba yangu."

"Donc, basi weye, hapana."

"Hapana, mama. Hata siku moja."

"Ingia," alisema Mama Godelive. "Hapa kanuni iko tatu. Haubebi kitu, haupakulii mutu, na chakula haitoke mu mulango. Ukitosha chakula inje, kiti inaenda kwa mwingine."

Kuku walipikwa wote pamoja, wakatokota uani mpaka nyumba nzima ikanukia vitunguu. Wanawake wenzake walikaa. Kasika alishindwa kukaa. Mara ya kwanza aliinuka kufuata maji ya kunawa, Vagheni akamvuta kwa nguo. Mara ya pili aliinuka kupokea sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, wote wakampigia kelele. Mara ya tatu hakujua hata kafuata nini, alijikuta tu kasimama. Ukiketi ukiletewa, mikono unaiweka wapi?

Mpwa wa Mama Godelive akapita na mabakuli. La Kasika likatua mbele yake: mchuzi, paja zima, na juu ya paja firigisi, imepasuliwa na kusafishwa, ikimeremeta mafuta.

Kasika akaichukua kwa vidole viwili. Akatoa mfukoni karatasi safi, akaiviringisha firigisi humo, mara moja, mara mbili, akakunja pembe, akaitia kwenye mkoba. Kisha akavuta bugali, akamega tonge. Ndipo alipoona kwamba mezani hakuna anayetafuna.

"Mama Mumbere," alisema Mama Godelive taratibu, "ile uko unapelekea nani?"

"Mumbere," alijibu Kasika, na neno lilikuwa limekwisha kutoka kabla hajalifikiria.

Alidhani watacheka. Hawakucheka. Mwanamke wa mbele yake aliinamisha kichwa, na Vagheni alikuwa akijifuta macho kwa kanga waziwazi. Mkono wa Kasika ulikuwa umefanya vile bila kumwuliza. Alikuwa amesubiri miezi mitano, amelea kuku, amemdanganya mtoto, na mkono ukaenda zake kwenye mkoba kana kwamba yeye hayupo. Hasira ilimpanda. Hakumkasirikia Mumbere, ambaye maisha yake yote aliwekewa tu na hakuwahi kuomba. Aliukasirikia ule mkono.

Akaitoa karatasi. Ilikuwa imelowa mafuta. Akaifungua mbele ya wote, akaitia firigisi mdomoni nzima.

Ilikuwa ngumu. Ilitaka meno ya pembeni. Ilikuwa na ladha ya kuku, na chumvi, na mwishoni uchungu kidogo. Alitafuna kwa muda mrefu, huku wote wakimngoja, akameza.

"Ni hii tu?" aliuliza.

Meza ikalipuka. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na mchuzi, mpaka Mama Godelive akashika ukuta. "Wote banasemaka vile!" alipiga kelele. "Wote! Mi mwenyewe nilisema vile!"

Kasika naye alicheka, kisha machozi yakamtoka, na hakuyaficha. Miaka ishirini na sita ya kuweka kando tangu aolewe, na kitu chenyewe ndicho hiki! Alikula paja, akala sombe, akaongeza mchuzi, na hakuinuka tena.

Simu ililia akiwa ananawa. Ilikuwa Mumbere. Viti vyote vikamgeukia.

"Mama, uko muzuri? Umekula?"

"Nimekula."

"Ulikula nini?"

Vagheni alikuwa akimtikisia kichwa kwa nguvu. Neno la kushona lilikuwa tayari ulimini mwa Kasika, na lingetosha.

"Nilikula kuku. Na firigisi yake."

Kijana akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia, "Firigisi ya nani?"

"Yangu, Mumbere," alisema Kasika. "Ilikuwa yangu."