Mti Wenye Kiuno

Mama mkwe wangu ni mfinyanzi, na siku mshenga alipokwenda kwao kuniposea aliuliza swali moja tu: "Huyo kijana anajua kufanya nini kwa mikono yake?" Akajibiwa kwamba mimi ni mwalimu wa fizikia. Akanyamaza. Ukimya ule niliubeba miaka kumi na mmoja, na sitadanganya kwamba haukuniuma.

Mwaka juzi alikuja kwetu Butimba ili akatolewe mtoto wa jicho. Kwa mila za kwao, mama mkwe halali nyumba moja na mkwewe, wala hawatazamani usoni. Lakini macho yakiharibika mila nayo hulegea kidogo, basi tukakubaliana: yeye akae chumba cha uani, mimi nikija uani yeye aingie ndani ashushe pazia, na maneno yote yapitie kwa mke wangu. Shikamoo tu ndiyo niliyoielekeza mwenyewe kwenye pazia, na marahaba ikatoka kwenye pazia.

Madaktari walifanya kazi nzuri mno. Bandeji ilipotolewa, mama akaona kuliko alivyoona kwa miaka mingi, na kitu cha kwanza alichokiona sawasawa, kwenye upenyo wa pazia, kilikuwa mimi: mtu mzima mwenye ndevu, nimechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, nachoma chupa ya maji.

Nijitetee. Nilikuwa nimeunda ndege ndogo ya kurusha kwa rimoti, kazi ya miezi minne. Injini yake ilikaa wazi puani, na wale wadudu wanaopanda kama moshi kutoka ziwani walikuwa wakiganda humo kila niliporusha. Ilihitaji kava, na kava la namna hiyo sikulipata duka lolote la Mirongo. Kulitengeneza ni rahisi sana ukiwa ubaoni na chaki. Unachonga mti kwa umbo la pua ya ndege, unauchomeka ndani ya chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa shingo, unaipitisha chupa juu ya moto. Plastiki ikipata joto inajikunja na kuukumbatia mti. Ikipoa, unauchomoa mti, kava tayari.

Mti wangu niliuchonga kitaalamu: umevimba katikati, umebana nyuma, kama ndege za kweli. Chupa ikaukumbatia barabara. Ilipopoa, nikavuta. Nikavuta tena. Nikaibana kwa magoti. Nikamwita mke wangu ashike upande wa pili, tukavutana uani kama watu wanaogombania mbuzi, na mwishowe nikaipasua kwa kisu. Chupa ya pili vilevile. Ya tatu niliupaka mti mafuta ya kupikia. Ikasogea upana wa vidole viwili, ikagoma. Muda wote huo pazia lilikuwa halitulii.

Mke wangu akaitwa ndani. Alitoka akijiuma mdomo asicheke.

"Baba watoto, mama anasema mti wako una kiuno."

"Kiuno?"

"Anasema kitu chenye kiuno hakivuliki. Yeye akifinyanga juu ya mgongo wa chungu cha zamani kilichopinduliwa, udongo hauvuki tumbo, pale kilipo kipana. Ukivuka tu, umepoteza vyungu vyote viwili. Halafu anauliza, majivu yako wapi?"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Miaka yote hiyo nafundisha msuguano, sijawahi kufikiria jivu. Nikachukua randa nikaondoa kiuno chote, mti ukawa mpana nyuma na mwembamba mbele, nikaupaka majivu ya jiko lilelile. Chupa ya nne ikatoka kwa mkono mmoja. Pazia likasema "Mmh", moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu. Kwa furaha nikatengeneza na ya tano, iwe ya akiba.

Kava la chupa ya nne nililitoboa tundu, nikalifunga kwenye ndege. Iliruka mara sita kwenye uwanja mmoja upande wa Kisesa. Mara ya saba ikajitupa kwenye majaruba ya mpunga, nikarudi nyumbani na magurudumu tu. Kava la akiba nililitafuta bila kuliona. Wakati huo mama alikuwa ameshaondoka.

Krismasi tulimtembelea. Kwa kuwa mkwe hali mbele ya mama mkwe, niliwekwa barazani peke yangu, uso barabarani. Mke wangu akaniletea maji ya mtungini. Kata ilikuwa ya plastiki, imefungiwa mpini wa mti kwa waya, na umbo lile nalijua kuliko sura yangu.

"Imefikaje huku?"

"Aliiomba. Akasema usiambiwe."

"Ana kata ngapi za kibuyu humo ndani!"

"Tatu. Lakini wageni anawapa hii. Wakimuuliza kainunua wapi, anasema haikununuliwa, mkwe wangu ameifanya kwa mikono yake."

Nikanywa yote, nikaomba mengine, wala sikuwa na kiu.