Mita Tatu za Mahameli

Jumatatu, tarehe 9 Machi 1987, kanisa liliwakabidhi mafundi wawili wa cherehani kitambaa cha majoho ya kwaya. Hilo lina uhakika: daftari la kwaya linataja mahameli ya zambarau, mikato miwili ya urefu sawa, majoho sita kwa kila fundi, yarejeshwe Jumamosi. Waliotia sahihi ni wanawake wawili, mtu na wifi yake.

Wa kwanza, mtaa mzima ulimwita Mama Akiba. Chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la bati lililosheheni masalio ya vitambaa, na nyuma ya mlango magunia mawili, la unga na la maharage. Maharage yalikwisha kuanza kuliwa na wadudu. Kanisani, watu walipofika pale pa kuomba riziki ya leo, yeye aliongeza kimoyomoyo: na ya kesho, na ya keshokutwa, na ya mtondo.

Wa pili alikuwa mjane wa kaka yake, mama wa watoto watatu, mwenye kopo moja la unga. Cherehani zao zilitazamana katika chumba kimoja cha mbele, kwa hiyo Mama Akiba hakuwa na pa kuyakwepesha macho. Kilichomkereketa si mali ya wifi, maana mali haikuwapo. Ni usingizi. Kila adhuhuri wifi alijinyoosha kwenye benchi, kichwa juu ya bunda la nguo za wateja, akakoroma kinywa wazi, na huko nyumbani kopo halina unga wa kufika jioni. Jioni ikifika, mtu hupiga hodi mlangoni pake na kifurushi mkononi.

"Hana kitu, na hajawahi kukosa," Mama Akiba alimlalamikia mumewe. "Mimi ninacho, usingizi sina. Huyo Mungu anapitia wapi kwenda kwake, mbona mlango wangu haujui?"

"Labda magunia yameuziba," mumewe alijibu.

Alinuniwa siku mbili.

Jumatatu hiyo basi, Mama Akiba alitandika mahameli mezani, huku jicho moja likipima na la pili likimchungulia wifi. Alipanga vipande vya kulia vichwa juu na vya kushoto vichwa chini, vikaingiliana kama samaki waliopangwa kwenye kopo. Akabakiza mita tatu nzima, akazikunja haraka na kuzishindilia sandukuni. Wifi alikuwa amebakiwa na vijipande vya kufutia miwani.

"Umekimaliza chote, wifi!"

"Nimepewa majoho sita, nimekata majoho sita."

"Na kesho?"

"Kesho sikupewa."

Jibu hilo lilimchoma Mama Akiba hadi Alhamisi, alipomaliza kushona, akayatundika majoho yake dirishani na kurudi nyuma ayatazame. Kila joho lilikuwa na rangi mbili: upande wa kulia zambarau iliyokolea, upande wa kushoto imepauka kama iliyofuliwa mara mia. Mahameli ina vinyweleo vinavyolala upande mmoja, mithili ya manyoya ya paka. Ukikigeuza kipande kichwa chini, mwanga hukikataa. Kila fundi analijua hilo. Yeye mwenyewe aliwahi kuwafundisha wengine. Lakini siku ile alikuwa akihesabu mita za kesho.

Alijua yatakayofuata: Jumamosi majoho yatapangwa safu moja, sita yamenyooka, sita yana mabaka, na kazi zote za kanisa zitahamia cherehani ya pili. Akataka kuyashusha. Wifi alikwisha kuyaona.

"Wifi, haya yameshonwa na mtu mmoja kweli, au mligombana katikati?"

Mama Akiba alingoja kicheko. Badala yake wifi aliliweka kando gauni la mteja, lile ambalo ujira wake ndio ungenunua unga, akatwaa wembe na kuanza kufumua.

"Lete ulichobakiza."

"Nilichobakiza nini?"

"Wifi! Tulipewa sawa. Changu kimeisha, chako kiko wapi?"

Sanduku likafunguliwa. Mita tatu zilitoa vipande sita vya kushoto, vichwa juu, na hapakubaki hata upana wa kiganja. Mama Akiba alikata huku machozi yakimlenga, na hakujua analilia kitambaa au aibu.

Ijumaa wifi hakulala mchana. Alifumua na kushona. Mama Akiba alipokwenda kwake kuchukua mkasi wa pili, alilikuta kopo la unga limeoshwa, limepinduliwa likauke.

"Leo mtakula nini?" aliuliza aliporudi.

"Bado sijaambiwa," wifi alijibu, uzi mdomoni.

Hata wakati huo wivu ulimpanda: ataletewa tu, kama kawaida yake! Wifi alipokwenda kwake, Mama Akiba alitega sikio kwenye ukuta uliotenganisha nyumba zao, amjue mletaji. Saa kumi, kimya. Saa kumi na moja, kimya. Watoto walikwisha kurudi. Ndipo alipogeuka akaliona gunia la unga nyuma ya mlango wake, akalitazama muda mrefu kwa hasira, kama mtu aliyetajwa jina mbele za watu. Akajaza karai, akalivuta gunia kando apate kupita, akaenda kusimama mlangoni kwa wifi.

"Hodi."

"Karibu, wifi. Nilijua atakuja mtu. Sikujua ana miguu mizito hivi."

Mama Akiba alicheka bila kutaka.

Jumamosi, daftari linaonyesha: majoho kumi na mawili, rangi moja, yamepokelewa. Mchana huo mumewe alimkuta benchini, amelala kinywa wazi.

Ni nani waliokuwa wakipiga hodi kwa wifi miaka yote iliyotangulia, haijulikani, wifi hakuwataja. Na kama wivu wa Mama Akiba uliisha siku ile au ulipumzika tu, hilo nalo halijulikani.