Maneno Yangu Nyuma ya Alama ya Reli

Baba alinunua punda kwa Mkamba mmoja aliyekuwa akihama kutoka mashamba ya kahawa huku Ruiru. Siku ya kwanza tulimpakia mitungi ya maji mgongoni, tukamwambia kwa Kikuyu twende, akasimama. Tukamwambia kwa Kiswahili, akasimama. Kaka yangu akamtukana kwa kile Kiingereza cha nyapara, punda akatikisa sikio moja kama anayefukuza nzi, akasimama tu. Mama yuko nyumbani anangoja maji ya kupikia.

Ikabidi baba ashuke Thika kumtafuta yule Mkamba. Alimkuta sokoni akiuza ndengu, akamweleza shida, na yule mtu alicheka mpaka akakaa juu ya gunia lake. Punda alilelewa kwa Kikamba. Akampa baba neno la kwenda, neno la kusimama na neno la kugeuka. Hayo tu. Kutoka siku hiyo tukaenda vizuri, lakini ukimwambia neno lingine lolote, hata umweleze kwamba nyumbani kuna mgonjwa, ni kama umeongea na ukuta.

Lakini mama alikuwa akiongea naye njia nzima. Anamweleza habari za majirani, za kuni zilizolowa, za shemeji yake ambaye hakuwa akimpenda. Baba akamwambia, "Unamaliza mate bure. Huyo anajua maneno yake tu."

Mama akajibu, "Najua. Siongei ili aelewe. Naongea ili nifike."

Nitarudi kwa hilo jibu la mama. Wacha kwanza niseme mambo ya maji, kwa maana maisha yangu yote yamekuwa ya maji. Shule niliacha mapema, najua kusoma Kiswahili na Kikuyu, na kuandika pole pole. Nilifanya kazi kiwanda cha nguo Thika, upande wa kuchovya rangi, ambako mikono yangu ilikuwa ya buluu hata siku ya harusi yangu na bibi arusi akaambiwa na mashangazi avae glavu. Kiwanda kilipofungwa nikaja mtaa wa Kiuu. Wenye ploti walikuwa wamechimba kisima kirefu, wakaweka pampu na tangi juu ya vyuma, wakatafuta mtu wa kufungua na kufunga valvu. Nikawa mimi.

Pale kuna laini mbili. Laini ya juu inaenda kwa wenye gorofa, ambao ndio wenye kisima. Laini ya chini inashuka kwa nyumba za mabati, wote wapangaji, na mwisho wake ni kwa mama mmoja anayefulia watu nguo. Jumatano na Jumamosi zilikuwa za laini ya chini. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Ilikuwa hivyo kwa sababu mimi nilikuwa nimeshika valvu, na Jumamosi ikifika, hata tangi likiwa nusu, hata mwenye gorofa akipiga kelele kwamba anataka kuosha gari, nilikuwa nafungua chini. Yule mama wa dobi huchukua nguo Ijumaa na kurudisha Jumapili kabla ya watu kwenda kanisani. Jumamosi bila maji, hana kazi.

Halafu mwenyekiti wa wenye ploti, mama mwenye gorofa ya rangi ya machungwa, akasema wanataka mtambo. Valvu zijifungue zenyewe. Nani anajua fundi? Nikasema mimi namjua. Mtoto wa dada yangu, amesoma chuo Thika, ana chumba chake juu ya duka la mbao, anatengeneza programu. Ni mimi niliyemleta. Nilimshika mkono mbele ya kamati nikasema huyu ni damu yangu, huyu hawezi kutuharibia.

Alikuja na kisanduku kidogo, skrini na kibodi, akaviweka kwenye kibanda cha pampu karibu na jiko langu la makaa. Nilimpa chai na mandazi. Hakuwa na dharau, hilo nitasema. Alikaa juu ya ndoo akanionyesha.

"Anko, ona. Programu yenyewe nimeiandika kwa C, lugha ya kompyuta. Hiyo hutaigusa. Utagusa hii faili peke yake." Akaifungua. Ilikuwa maandishi tu, mistari, kama hii:

pampu_washa = 0500
laini_juu = jumatatu, alhamisi, jumapili
laini_chini = jumatano, jumamosi
tangi_chini_kabisa = 30

"Kushoto ni jina," akasema. "Kulia ni jibu. Katikati ni hii alama ya sawasawa. Programu ikiamka inafungua faili, inachukua mstari mmoja, inafuta nafasi zilizo mwanzo na mwisho, inatafuta ile alama, inakata hapo. Inashika jina, inashika jibu. Halafu mstari unaofuata."

"Na nikisahau mstari?"

"Inatumia jibu nililoliweka ndani mwenyewe."

"Na nikiandika mrefu sana?"

"Usiandike mrefu sana, Anko. Nafasi niliyoiwekea mstari ina mwisho wake, ukizidi unakatwa." Akacheka. "Wewe na hadithi zako."

Nilipenda ile kitu. Wacha niseme ukweli, niliipenda sana. Maisha yangu yote sijawahi kuona mashine inayoambiwa kwa maneno ninayoweza kuyasoma. Wiki hiyo nilikuwa naifungua faili hata bila sababu, naangalia ule mstari wa laini_chini, naifunga. Siku moja nikaongeza mstari wangu:

huruma = ndiyo

Alipokuja kukagua aliuona, akacheka mpaka akamwaga chai. "Anko! Hakuna jina kama hilo! Programu haijui huruma."

"Sasa inafanya nini ikiliona?"

"Inapita tu. Jina isilolijua inaliruka."

Nikamwambia haya, basi nifundishe jinsi ya kuiambia mambo ninayoyajua, kwa sababu ninayajua mengi. Laini ya chini ina mahali panapopasuka ukifungua kwa nguvu. Jumamosi haiwezi kuguswa kwa sababu ya yule mama. Wakati wa baridi ya Julai watu wa mabati huamka baadaye. Alivuta kibodi karibu. Halafu akabonyeza alama, ile inayofanana na reli, vyuma viwili vimelala na viwili vimesimama.

"Ukianza mstari na hii," akasema, "andika chochote unachotaka. Hapo huwezi kuharibu kitu."

"Na itakuwa inasoma?"

Akaniangalia. Namkumbuka alivyoniangalia. "Imo ndani ya faili, Anko. Programu inafungua faili yote."

Hivyo ndivyo alivyonijibu, neno kwa neno, na mimi nikaona ni ndiyo.

Basi nikaandika. Kidole kimoja, herufi moja moja, mistari mifupi isikatwe. Kila asubuhi nikishawasha jiko nilikuwa naongeza kidogo. Niliandika kuhusu paipu iliyopasuka. Niliandika: # Jumamosi fungua chini hata tangi likiwa nusu. Niliandika: # Mwisho wa laini kuna mama anafua, msimnyime. Nilikuwa na mambo hata ya watu ambao walishahama. Ilijaa mpaka majibu yenyewe yakawa kama visiwa katikati ya maneno yangu.

Huku nje watu wa laini ya chini walikuwa na wasiwasi. Mama wa dobi alinisimamisha langoni, beseni kichwani, akaniita guka, yaani babu, kama wote wa chini.

"Guka, wanasema sasa ni mashine itafungua maji. Mashine inanijua mimi?"

"Inakujua," nikamwambia. "Nimekuandika ndani."

"Haiya! Umeniandika jina?"

"Nimekuandika kwamba unafua. Jumamosi yako iko."

Akacheka kwa nguvu, akawaita wenzake. "Mnasikia? Niko ndani ya kompyuta! Kuanzia leo mniite madam!" Na kweli walimwita madam. Jumamosi hiyo maji yakashuka, na iliyofuata, na ikawa hivyo kwa muda mzuri. Kila mtu aliyeniuliza nilimwambia hivyo hivyo. Niliwapa neno langu.

Halafu Jumamosi moja valvu ya chini haikunguruma. Huwa inanguruma kidogo kabla ya kufunguka. Nikangoja. Nikasikia ya juu ikifunguka. Nilidhani mtambo umechanganya siku, nikaenda kwenye skrini, nikafungua faili.

Ilikuwa fupi. Mistari michache, imepangwa vizuri, nafasi zote sawa, safi kama mtu aliyenyolewa kichwa. Maneno yangu hayakuwepo. Hata moja. Nikashuka chini, nikapanda juu, nikafikiri nimefungua kitu kingine. Na ule mstari ulikuwa unasema:

laini_chini = jumatano

Basi. Jumatano peke yake.

Nikampigia mtoto wa dada yangu. Alikuja mchana, na alipoingia hakushtuka.

"Kuna mtu amefuta," nikamwambia.

"Hakuna aliyefuta, Anko. Mwenyekiti alitaka aweze kubadilisha kwa simu yake, nikamtengenezea. Akibadilisha, programu inaandika faili upya."

"Ikaacha maneno yangu?"

"Inaandika yale iliyoyashika. Majina na majibu."

"Na maneno yangu haikuyashika?"

Akakaa juu ya ile ndoo. "Anko, mstari wenye ile alama ni wa kusomwa na binadamu. Programu ikiona ile alama mwanzoni, inaruka."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Kama huruma?"

"Kama huruma."

Nikageukia mlango. Huko nje niliwasikia watu wa chini wakigongesha ndoo kwa mfereji mkavu, wanacheka bado, wanadhani ni kuchelewa. Nikamuuliza, "Na Jumamosi? Ulijua mwenyekiti anataka kuitoa?"

"Tulikuwa tumeongea."

"Lini?"

"Kabla sijaja kufunga mtambo." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Walisema lazima wewe uukubali mtambo kwanza, la sivyo watu wa chini wataleta kelele. Wanakuamini. Nikaona ukipata mahali pa kuandika, utajisikia uko ndani. Anko, sikusema uongo. Niliona unafurahi."

"Na hiyo programu haingeweza kuyabeba? Hata kama haielewi, iyabebe tu, iyarudishe pale pale?"

"Ingeweza. Watu hufanya hivyo. Unashika kila mstari kama ulivyo, unabadilisha ule mmoja tu. Ni kazi zaidi kidogo." Akainua mabega. "Hakuna mtu angeyasoma, Anko."

Nimeshayafikiria hayo maneno katika matatu, kanisani, nikimenya viazi, na bado sijayamaliza. Jumamosi ilikuwa yao, kisima ni chao, wangeweza kuja wakaniambia mzee, tumeamua. Ningepigana nao, ningeshindwa, ningewaambia watu tumeshindwa. Mama yangu aliongea na punda akijua punda haelewi. Alikuwa anaongea kwa hiari yake, kwa njia yake. Mimi nilipewa punda na mtoto wa dada yangu akanihakikishia kwamba anasikia, na huku nyuma walikuwa wameshampa neno la kugeuka.

Mwenyekiti aliingia akiwa bado na kandambili miguuni, simu mkononi. Alitusalimia vizuri. Alisema, "Mzee, wewe kazi yako iko, usiogope. Hata imekuwa rahisi. Sisi tunataka tu uwe unawaeleza hawa wa chini. Waambie ni mtambo. Waambie mtambo ndio umepanga."

Mtoto wa dada yangu akasema pole pole, "Wewe watakusikia, Anko."

Nilichukua koti langu kwenye msumari. Jiko lilikuwa bado na moto na sufuria ya maji ya chai juu yake, na nikaviacha hivyo. Funguo za kibanda niliziweka juu ya kibodi. Mwenyekiti akasema, "Mzee? Sasa unaenda wapi? Tunaongea." Mtoto wa dada yangu akazitazama funguo.

Langoni mama wa dobi alikuwa amekaa juu ya beseni lake lililogeuzwa, nguo za watu zimefungwa kwa shuka pembeni, rundo kubwa. Aliponiona akasimama.

"Guka, madam anangoja! Maji yanakuja saa ngapi?"

"Hayaji," nikamwambia. "Wameitoa Jumamosi. Ni wao walioitoa, si mtambo. Na wewe hukuwa umeandikwa mahali popote. Nilidanganywa, nikakudanganya."

Kicheko kikatoweka usoni mwake. Akaangalia lile furushi. "Na hizi?"

Niliinama. Nikainua lile furushi kubwa, nikamsaidia kuliweka kichwani ili ashuke nalo hadi mtoni, na yeye akachukua beseni, akaenda bila kuniaga. Niliisikia pampu ikivuma nyuma yangu, sauti ambayo ningeitambua hata usingizini. Nikavaa koti, nikashika barabara kuelekea stendi ya matatu ya Githurai 45, na sijarudi.