Jiko la Mama Lililobomolewa Kabuchai

Niliondoka Kitale Jumanne asubuhi kwenda kuchukua ukuta wa jiko la mama yangu. Mimi huunda sanamu kwa vitu vya nyumbani ambavyo watu hawavitazami mara mbili: miimo ya milango, bawaba zenye kutu, mabati ya choo, mitungi iliyopasuka. Ukumbi mmoja mjini Bungoma ulikuwa umenialika kwenye maonyesho, nami nikawaahidi ukuta ule, wenye rafu ya udongo aliyoifinyanga mama mwenyewe na alama za vidole vyake zikionekana. Nilikuwa nimeshawatumia hata jina la kazi: Joto la Mama.

Hadi Kiminini nilikuwa naendesha pikapu ya kuazima huku nikipiga mluzi. Kamukuywa nilikata kulia kuelekea Kimilili, nikanunua magunia ya kufungia udongo. Mdogo wangu Wafula, anayeishi na mama, nilikuwa nimemwambia kwa simu mara mbili asiguse kitu.

Saa tano nilifika nyumbani Kabuchai. Jiko halikuwepo. Palibaki kifusi, na kando yake mabati ya paa, meusi kwa masizi, yamelaliana.

"Wafula!" Nilipiga kelele kabla sijazima gari. "Nilikuambia nini?"

"Si utulie kwanza, bana," alisema, akifuta mikono kwenye suruali.

"Nitulie? Umevunja kitu ambacho huwezi kujenga tena! Huna macho?"

Nilimtukana mbele ya watoto wake. Nilimwita mshamba. Mama akatoka kwenye jiko jipya la matofali, lenye madirisha mapana na bomba la kutolea moshi, jicho la kushoto likimtoka machozi kama kawaida.

"Wacha kelele, Barasa. Mimi ndiye nilivunja. Nilianza na jembe langu, Wafula akanisaidia."

"Lakini mama, ile rafu! Uliifinyanga mwenyewe."

"Niliifinyanga kwa sababu baba yako alikataa kununua kabati." Alininyoshea kidole. "Ati sanaa. Umewahi kupika mle hata chai? Ulikuwa unaingia, unachukua sahani, unakimbilia nje ukikohoa. Mimi nilibaki. Hili jicho limeharibikia mle."

Maneno hayo yalinikasirisha zaidi. Nilianza kupakia mabati kwa fujo, nikijikata kidole. Wafula alinitazama kidogo, kisha akashika upande wa pili. Tulipomaliza, mama alikuja kwenye dirisha la gari.

"Beba. Lakini usiwaambie watu nililipenda hilo jiko."

Mchana huo nilishuka Bungoma kupitia Chwele. Siku mbili nilifanya kazi kama mtu anayepigana. Kwa mabati yale nilijenga chumba kidogo chenye paa la chini, bila dirisha, mlango wake mfupi hadi lazima uiname. Msimamizi wa ukumbi, mwanamke mpole aliyevaa miwani, alipitisha kidole ndani kikatoka cheusi.

"Masizi haya utayaosha, si ndiyo? Wageni watachafuka."

"Wachafuke," nilimjibu. Nikang'oa karatasi iliyoandikwa Joto la Mama, nikaichana.

Ijumaa, siku ya kufungua, Wafula alimleta mama. Hakukubali kuingia. Alisimama kando ya mlango, mkoba kifuani. Bwana mmoja mwenye shati jeupe alijikunja akaingia, akatoka mbio, bega zima limepakwa weusi.

"Nani ametengeneza upuzi huu?" alifoka. "Hapa ndani hata hewa hakuna!"

Mama alimtazama kwa lile jicho lake.

"Wewe umekaa dakika moja," alisema.

Bwana yule akaanza kujifuta bega.

Jumamosi nilipitia tena Kabuchai, nikamwomba Wafula msamaha mbele ya wale watoto wake. Alikubali, ingawa hakutabasamu. Nilifika Kitale jioni, hasira haijaniisha, ila sasa nilijikasirikia mwenyewe. Miaka yote nilijisifu kwamba naona vitu ambavyo wengine hawavioni. Nilikuwa nimeuchora ule ukuta, nimeupima, nimeupiga picha kila upande. Aliyeifinyanga rafu yake alikuwa amekaa palepale, akilia kwa moshi, na sikuwahi kumwuliza.