Mkebe wa tatu ulikataa kunyauka

Susu, nyanya yangu, ameniangushia ripoti ya biology na siwezi hata kumkasirikia.

Wiki tatu nimepima ndengu kwa rula kila asubuhi. Mikebe mitatu. Wa kwanza maji kila siku, wa pili mara moja kwa wiki, wa tatu hakuna hata tone baada ya kuota.

Huo wa tatu ukakataa kunyauka.

Nikaandika kurasa mbili, kwa mkono, nikisifu vile ndengu za huku Zombe huvumilia ukame. Mwalimu anazitaka kesho.

Leo nimeamka mapema kidogo nikampata ameinama kwa huo mkebe wa tatu, anaumwagilia na kikombe chake cha chai.

“Susu, unafanya nini?”

“Huu mmoja unausahau kila siku. Nikauonea huruma.”

Na hayo maji huyatoa kwa mto uliokauka, akichimba mchanga.

Sasa nimefika pale ripoti inauliza makosa yaliyotokea. Nimechoka, kalamu iko tu mkononi. Yeye amekaa kando yangu, anauliza kama ameniharibia.

Nimemwambia hapana.

Nyinyi mngeandika jina lake hapo?